Chujio la Mafuta Lililoziba: Namna ya Kulitambua kwa Dalili na kwa Vipimo

Kihonda ni sehemu ya tambarare iliyo kaskazini ya mji wa Morogoro, kando ya barabara iendayo Dodoma. Kusini ya mji imesimama milima ya Uluguru, ambayo kilele chake kirefu kuliko vyote, Kimhandu, hupita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wenyewe uko katika kimo cha mita 500 hivi. Madereva wa Morogoro huijua vema tofauti hiyo. Gari liondokalo Kihonda asubuhi kwenda kuchukua kabichi, karoti na viazi vya Mgeta hufuata kwanza barabara kuu ya Iringa hadi Sangasanga. Hapo huiacha barabara kuu na kuanza kupanda, na safari iliyobaki ni ya vilima, kona na gia za chini.

Kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa na magari ya zamani, hasa Land Rover. Na ichukuliwe Land Rover moja ya dizeli, ya mfululizo wa tatu, ulioundwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Kihonda injini yake huwaka bila taabu na kunguruma sawasawa. Barabarani, penye tambarare, gari huenda vizuri. Lakini likianza kupanda likiwa na magunia, nguvu hufifia. Dereva hukanyaga mafuta hadi mwisho, wala injini haiitiki. Huingiza gia ya pili, kisha ya kwanza. Gari hujikokota, hushtukashtuka, na mara nyingine huzimika. Likipumzishwa dakika chache huwaka tena, likaenda kidogo, kisha likafifia kama mwanzo.

Hapo ndipo maoni huanza kutolewa. Mmoja husema injini imechoka na yafaa ifunguliwe. Mwingine husema pampu kuu imekufa. Wa tatu husema ni hewa nyepesi ya mlimani. Kila jibu lina gharama yake, kwani kufungua injini au kununua pampu ni mzigo mkubwa kwa mwenye gari, na mkulima ambaye mboga zake zimelala njiani hupata hasara siku hiyo hiyo. Hata hivyo, mara nyingi sana sababu yenyewe ni karatasi iliyokunjwa ndani ya kopo dogo la bati, yaani chujio la mafuta, ambalo mafundi huliita filta. Swali ni hili: mtu atajuaje kwa hakika, kabla hajafungua kitu chochote cha gharama?

Kazi ya chujio

Katika injini ya dizeli ya zamani mafuta hufuata njia moja. Hutoka katika tangi kwa bomba, yakavutwa na pampu ndogo inayoendeshwa na injini yenyewe. Pampu hiyo huyasukuma kupitia chujio. Kisha huingia katika pampu kuu, ambayo huyagawa kwa kipimo na kuyapeleka kwa kanieneo kubwa mno hadi kwenye nozeli. Nozeli huyapulizia ndani ya silinda kama ukungu.

Ufundi wa pampu kuu ulipata nguvu mwaka 1927, wakati kiwanda cha Robert Bosch huko Ujerumani kilipoanza kutengeneza pampu za namna hiyo kwa wingi. Tangu hapo chujio limekuwa kitu cha lazima, na sababu yake ni nafasi iliyopo kati ya vipande vya chuma vinavyosuguana ndani ya pampu. Nafasi hiyo ni ya mikromita chache tu, na mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa mikromita 70 hivi. Punje ya vumbi isiyoonekana kwa macho yaweza, kwa hiyo, kuingia katika nafasi hiyo na kuikwaruza pampu. Chujio huizuia punje hiyo isipite.

Ni dhahiri, basi, kwamba chujio lililoziba si chujio baya. Ni chujio lililofanya kazi yake mpaka likashiba. Kila punje liliyoikamata imebaki humo, na imefunga kitundu kimoja.

Kwa nini mlima hufichua kilichofichika tambarare

Dalili kubwa ya chujio lililoziba ni kwamba gari huwa zima penye kazi ndogo na huwa gonjwa penye kazi kubwa. Hesabu fupi itaonyesha sababu.

Lita moja ya dizeli ina nishati ya takriban kilojuli 36,000. Chukua gari ambalo pamoja na mzigo wake lina kilo 2,500, nalo linakwenda kilomita 30 kwa saa, yaani mita 8.3 kwa sekunde. Katika tambarare, injini yahitaji kushinda msuguano wa matairi na wa gia pamoja na upinzani wa upepo. Iwapo kazi hiyo yataka kilowati 5, na injini kwa kazi ndogo kama hiyo hutumia vizuri asilimia 20 tu ya nishati ya mafuta, basi mafuta yatakiwayo ni ya kilowati 25. Hayo ni mililita 42 hivi kwa dakika.

Sasa gari hilo hilo, kwa mwendo ule ule, lipande mahali ambapo barabara huinuka mita 1 kwa kila mita 10. Kila sekunde gari huinuliwa mita 0.83. Uzito wake ni niutoni 25,000. Hivyo nguvu ya ziada ni 25,000 mara 0.83, yaani kilowati 21 karibu. Injini ikifanya kazi kubwa hutumia nishati vizuri zaidi, tuseme asilimia 30, kwa hiyo mafuta ya ziada ni ya kilowati 70. Hayo ni mililita 117 kwa dakika. Ukijumlisha na yale ya tambarare utapata karibu mililita 160 kwa dakika. Mahitaji yamepanda mara nne, ingawa mwendo haukubadilika.

Iwapo chujio limeziba kiasi cha kupitisha mililita 80 tu kwa dakika, gari litakwenda Kihonda bila lalamiko lolote, kwa maana linapewa maradufu ya linachohitaji. Mlimani litapata nusu tu. Hapo halina budi kupunguza mwendo hadi mahitaji yalingane na mafuta yapitayo. Kwa kweli chujio huhitaji kupitisha mafuta mengi kuliko hayo yanayoungua, kwa kuwa sehemu ya mafuta yanayofika kwenye pampu na nozeli hurudi tena tangini. Hivyo upungufu huonekana mapema kuliko hesabu hii inavyoonyesha.

Mwanafunzi aliyekwisha soma umeme atautambua mfano huu mara moja. Tofauti ya kanieneo kati ya pande mbili za chujio ni kama volteji. Mtiririko wa mafuta ni kama mkondo. Na chujio ni kama ukinzani. Mkondo ukiwa mdogo, volteji inayopotea katika ukinzani ni ndogo, na taa huwaka vizuri. Mkondo ukiwa mkubwa, upotevu huwa mkubwa pia, na taa hufifia. Ukinzani ni ule ule. Kazi ndiyo iliyouonyesha.

Kanuni hii ya mtiririko iliwekwa wazi katika karne ya 19. Gotthilf Hagen wa Ujerumani mwaka 1839, na Jean Poiseuille wa Ufaransa mwaka uliofuata, walionyesha kwa vipimo kwamba kiowevu kipitacho katika bomba jembamba hupungua upesi sana bomba linapozidi kuwa jembamba: kipenyo kikipungua kwa nusu, mtiririko huwa sehemu moja ya kumi na sita, mambo mengine yakibaki sawa. Mwaka 1856 mhandisi Henry Darcy wa mji wa Dijon, aliyeshughulikia maji ya kunywa ya mji huo, alieleza jinsi maji yapitavyo katika mchanga. Mtiririko huongezeka kadiri eneo la mchanga na kanieneo zinavyoongezeka, na hupungua kadiri mchanga unavyokuwa mnene. Ndiyo maana karatasi ya chujio hukunjwa mikunjo mingi, ili eneo kubwa liingie katika kopo dogo. Na ndiyo maana tabaka jembamba la tope juu ya karatasi hiyo latosha kulidhoofisha gari zima.

Uchafu hutoka wapi

Gari la zamani lina adui wa ndani na wa nje. Wa ndani ni kutu ya tangi. Tangi lisilojaa huingiza hewa. Usiku hewa hiyo ikipoa, unyevu wake huganda kuwa matone kwenye kuta za bati, na matone huteremka hadi chini. Usiku wa Uluguru una baridi na unyevu, kwa hiyo gari linalolala huko tangi likiwa nusu hukusanya maji polepole. Lita moja ya maji ina kilo 1, na lita moja ya dizeli ina gramu 820 hadi 860. Basi maji hukaa chini, mahali pale pale ambapo bomba huvuta mafuta.

Maji hayo huleta adui wa pili. Kuna kuvu aitwaye Amorphotheca resinae ambaye huishi mahali dizeli na maji yanapokutana, akila mafuta na kupata unyevu katika maji. Huacha utando mweusi wenye utelezi, ambao huziba karatasi ya chujio upesi kuliko vumbi.

Adui wa nje huingia kwa mdomo wa tangi. Mafuta yanayonunuliwa katika madumu na mapipa, yakamiminwa kwa faneli yenye vumbi, huja na mchanga, kutu na nyuzi za matambaa. Katika nchi za baridi kali kuna sababu nyingine pia: nta iliyomo katika dizeli huganda na kuziba chujio. Morogoro haina baridi ya kiasi hicho, hivyo fundi wa huku aweza kuiondoa sababu hiyo katika orodha yake.

Magonjwa yenye sura moja

Daktari hatoi dawa ya malaria kwa sababu tu mgonjwa ana homa. Kupungua kwa nguvu mlimani nako kuna sababu nyingi, na kila moja ina alama ya kuitenga na nyingine.

Alama ya kwanza ni moshi. Injini ya dizeli inayokosa hewa, kwa mfano kwa sababu chujio la hewa limejaa vumbi, hutoa moshi mweusi inapokanyagwa, kwani mafuta ni mengi kuliko hewa ya kuyaunguza. Injini inayokosa mafuta haina cha kugeuza kuwa masizi. Basi gari likififia mlimani pedali ikiwa imekanyagwa hadi mwisho, na bomba la moshi likawa safi, shuku iende kwenye njia ya mafuta.

Alama hiyo husaidia pia kujibu hoja ya hewa nyepesi. Ni kweli kwamba kanieneo ya hewa hupungua kwa sehemu ya kumi hivi kwa kila mita 1,000 za kimo, na injini ya zamani isiyo na tabo hupoteza nguvu kiasi hicho. Lakini huko ni kupungua kidogo kidogo, huendelea kadiri gari linavyopanda, na huambatana na moshi kuzidi kuwa mweusi. Hakuli nusu ya nguvu, wala hakuondoki gari likipumzishwa.

Alama ya pili ni mwendo wa ugonjwa. Injini iliyochoka, yaani ambayo pete za pistoni au vali zake zimelika, huwa ngumu kuwasha asubuhi na mara nyingi hutoa moshi wa buluu. Udhaifu wake ni wa kila siku. Chujio huziba polepole: juma hili kilima kirefu humshinda, juma lijalo kilima kifupi, na mwishowe hata tambarare.

Alama ya tatu ni nafuu baada ya kupumzika. Mafuta yanayopenya polepole hupata muda wa kujaa tena mbele ya chujio. Katika gari la petroli la zamani jambo hili huonekana vizuri zaidi, kwa kuwa kabureta ina bakuli linalohifadhi petroli kidogo. Mlimani bakuli huisha upesi kuliko linavyojazwa. Gari likisimama hujaa tena. Nafuu hiyo hiyo, hata hivyo, hutokea iwapo takataka zimevutwa zikaziba mdomo wa bomba ndani ya tangi, maana mvuto ukikoma huanguka chini. Kwa hiyo dalili peke yake haitoshi. Lazima pawe na kipimo.

Kupima hatua kwa hatua

Kanuni ya kupima ni kuanza na kile kisicho na gharama, kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, na kuandika kilichoonekana.

1. Kuuliza. Chujio lilibadilishwa lini? Mafuta ya mwisho yalinunuliwa wapi, na katika chombo gani? Je, tangi liliachwa likauke karibu kabisa, hata tope la chini likavutwa?

2. Kufungua kifuniko cha tangi. Mafuta yakitoka, hewa lazima iingie mahali pake kwa tundu dogo. Tundu hilo likiziba, kanieneo ndani ya tangi hushuka, na pampu hushindwa kuvuta. Gari likififia, kifuniko kifunguliwe. Sauti ya hewa ikiingia kwa nguvu, na gari likarudisha nguvu papo hapo, chujio halina hatia.

3. Kumwaga mafuta ya chini ya chujio. Machujio mengi ya dizeli yana skrubu ya kumwagia. Mafuta kiasi cha kikombe yamiminwe katika chupa ya kioo na kuachwa yatulie kwa dakika 10. Maji yatajitenga chini, na tope litaonekana. Uchafu mwingi huongeza shuku, lakini bado si uthibitisho. Hali kadhalika, rangi ya kahawia ya karatasi si uthibitisho: karatasi iliyochafuka yaweza bado kupitisha mafuta, na iliyoloa maji yaweza kuonekana safi lakini ikawa haipitishi.

4. Kulinganisha kabla ya chujio na baada yake. Hiki ndicho kipimo kikubwa. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, bomba linaloingia kwenye chujio hufunguliwa na mdomo wake kuelekezwa katika chupa safi. Mtu mmoja hupiga mkono wa pampu ndogo kwa nusu dakika, na mafuta yaliyopatikana hupimwa. Bomba hurudishwa na kukazwa, kisha kazi hiyo hiyo hufanywa kwa bomba linalotoka kwenye chujio kwenda pampu kuu. Kabla ya kupima upande huu wa pili, chujio lijazwe mafuta kwanza, la sivyo kipimo kitadanganya. Mkono wa pampu ukicheza bila uzito tangu mwanzo, huenda kamu ya injini imeishikilia pampu. Injini izungushwe mzunguko mmoja na kipimo kirudiwe.

Matokeo yaweza kuwa ya namna tatu. Iwapo mafuta ni mengi kabla ya chujio na machache baada yake, chujio limeziba. Iwapo ni machache pande zote mbili, chujio lisilaumiwe bado. Kasoro iko nyuma yake, katika tangi, bomba au pampu ndogo. Iwapo ni mengi pande zote mbili, kasoro iko mbele, au haiko katika njia ya mafuta kabisa. Kwa kipimo kimoja njia yote imegawanywa sehemu tatu, na mbili kati yake zimeachiliwa.

5. Kutafuta hewa. Kipande cha mpira mwangavu kikiunganishwa kwa muda kabla ya pampu kuu, viputo vitaonekana iwapo hewa inaingia kwa kiungo kilicholegea au washa iliyokufa. Hewa hubanwa kirahisi, mafuta hayabanwi. Pampu hubaki ikiibana hewa badala ya kupeleka mafuta kwenye nozeli.

6. Kuweka chujio jipya na kurudi kilima kile kile. Hewa ikishatolewa katika njia ya mafuta, kazi ambayo mafundi huiita kutoa upepo, gari lipelekwe kwenye kilima kile kilichomshinda, na mzigo ule ule, na gia ile ile. Likipanda vizuri, jambo limethibitika. Lisipopanda, hasara ni ya chujio tu.

Iwapo chujio jipya nalo linaziba baada ya siku chache, ugonjwa halisi uko tangini. Hapo kubadili machujio mfululizo ni kufuta maji sakafuni bila kufunga bomba. Tangi lishushwe, lioshwe na kukaguliwa kutu.

Akiba inayozaa hasara

Kwa kuwa chujio hugharimu fedha, baadhi ya watu huliosha kwa petroli, au hulipuliza kwa upepo wa kompresa, au hulitoboa kwa msumari ili mafuta yapite. Gari hupata nguvu mara moja, na mwenyewe hufurahi. Lakini nguvu hiyo imepatikana kwa kuuondoa ulinzi. Karatasi iliyopulizwa huchanika mahali pasipoonekana, na ile iliyotobolewa haichuji tena. Punje zote zilizozuiliwa kwa miezi huingia pamoja katika pampu kuu na nozeli. Hizo zikikwaruzika hazina dawa isipokuwa kutengenezwa upya kwa mashine za pekee au kununuliwa nyingine, kwa bei isiyolingana hata kidogo na ya chujio. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Vichujio vya wavu wa shaba, vilivyomo katika pampu na kabureta za magari mengi ya zamani, huweza kuoshwa na kurudishwa. Vya karatasi haviwezi. Muda wa kuvibadili huandikwa katika kitabu cha gari, na mahali penye vumbi na mafuta ya madumu yafaa ufupishwe.

Tahadhari

Magari yatokayo Kihonda kwenda Uluguru hupita Msamvu, mahali ambapo watu zaidi ya 100 walipoteza maisha kutokana na ajali ya tarehe 10 Agosti 2019, baada ya lori la petroli kupinduka na mafuta yaliyomwagika kushika moto watu wakiwa wamekusanyika kuyachota. Petroli hutoa mvuke wa kuweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Dizeli hutoa mvuke wa namna hiyo ikiisha pita nyuzi 55. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa ardhini na kuufuata moto ulio mbali. Kwa hiyo vipimo vilivyoelezwa hapo juu ni vya dizeli, vifanywe nje, injini ikiwa imepoa, bila sigara, jiko wala cheche, na betri ikiwa imetenganishwa. Njia ya petroli ifunguliwe na fundi mwenye uzoefu tu.

Mafuta ya aina yoyote yasivutwe kwa mdomo kupitia mpira. Tone dogo likishuka katika mapafu huleta uvimbe wa hatari, nao hautibiwi kwa kunywa maziwa. Aliyepaliwa na mafuta asilazimishwe kutapika, apelekwe hospitali.

Jaribio la darasani

Somo hili laweza kuonyeshwa darasani kwa maji, bila mafuta. Vinavyohitajika ni faneli, karatasi ya kuchujia au kitambaa kizito cha pamba, chupa iliyoalamiwa mililita, saa, na maji yaliyokorogwa na udongo wa mfinyanzi kiasi cha kijiko kimoja kwa lita. Wanafunzi wamimine mililita 100 na kuandika sekunde zilizopita hadi maji yote yashuke. Warudie mara tano kwa karatasi ile ile, bila kuisafisha, wakikoroga maji kila mara. Kisha wachore grafu ya muda dhidi ya idadi ya mimino. Wataona kwamba muda hurefuka kila mara, kwa sababu tabaka la udongo lenyewe limekuwa sehemu ya chujio. Warudie tena kwa karatasi iliyokunjwa mikunjo mingi, nao wataona faida ya eneo kubwa.

Mwalimu aliye karibu na Kihonda, penye chuo cha ufundi stadi cha VETA, aweza kuomba nafasi ya kuwaonyesha wanafunzi chujio lililokatwa. Aliye mbali atapata lililotupwa katika gereji yoyote. Likikaushwa nje na kukatwa kwa msumeno wa mkono, mikunjo yake itasimulia safari zote lilizopita.

Maswali

1. Gari lenye kilo 3,000 hupanda kwa mwendo wa kilomita 24 kwa saa mahali ambapo barabara huinuka mita 1 kwa kila mita 12. Kokotoa nguvu ya ziada inayotakiwa kuliinua.

2. Gari la dizeli hupoteza nguvu mlimani na kutoa moshi mweusi mzito. Kwa nini fundi asianze na chujio la mafuta?

3. Mafuta yalipopimwa yalikuwa machache kabla ya chujio na baada yake, lakini yaliongezeka pande zote mbili kifuniko cha tangi kilipofunguliwa. Kasoro iko wapi?

Dereva aliyekwama kwenye kilima cha Mgeta hana maabara. Ana chupa moja, spana mbili na kilima chenyewe. Lakini akikisia sababu, akatafuta alama ambayo sababu hiyo peke yake ingeiacha, kisha akapima kabla ya kuamua, amefanya kile kile kinachofanywa na mtafiti yeyote. Na mboga zitafika sokoni kabla hazijanyauka.